Juu ya koleusi, majani yasiyokulwa



Kuandika juu ya rangi ndani ya gazeti la wino mweusi ni kazi ya ajabu kidogo. Basi anayetaka kuelewa vizuri maneno haya, afike kwanza upande wa mashariki wa chapeli yetu, asubuhi, kabla kengele haijalia, wakati jua linapanda juu ya ukuta wa primere na kupiga yale majani kwa upande. Ataona jani jekundu kama divai, lenye ukingo wa kijani mwembamba, sawa kitambaa ambacho fundi ameshona pindo kwa uzi mwingine. Ataona jani la manjano lenye madoa kama mtu alinyunyizia rangi kwa ufagio. Ataona lingine lenye roza katikati, nyeusi-nyeusi pembeni, na kijani mwishoni. Wamama wa korali walipoyaona siku ya Pasaka walicheka, wakasema haya majani yamevaa vikwembe kuwashinda wao. Ile ndiyo koleusi. Watu wengi hapa Lubumbashi wanaiita tu “maua”, lakini uzuri wake wote uko ndani ya majani. Maua yake yenyewe ni kitu kidogo cha buluu-buluu ambacho, tutaona mbele, sisi tunakikata.

Sasa tujibu swali ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja, tena na watu wazima. Mzazi mmoja alisimama pale pamoja na mke wake, akatuuliza: “Hiyi majani banakula?” Tukajibu kwamba hapana. Akasema: “Njo munapoteza maji bure! Juu ya nini hamupande lenga-lenga?”

Hatukumchekea, maana hayo si maneno ya kuchekewa. Robine ya masomo inapokauka, maji tunayatoa mbali kwa bidoni, na bidoni ya lita 20 inayomwangwa chini ya koleusi ni bidoni ambayo haikufika jikoni. Tena tunajua, kwa kuwa sisi makapita ndio tunasimama mbele ya mistari asubuhi, kwamba kuna watoto wanaoanguka wakati wa kuimba kwa sababu walitoka nyumbani bila kutia kitu kinywani. Mwenye kutuambia habari ya chakula ana haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo nyuma ya jiko kuna lenga-lenga, kuna matembele, kuna sombe kidogo kando ya ukuta, na hakuna mtu aliyeng’oa hata shina moja la mboga ili apande koleusi. Koleusi tuliiweka mahali ambapo mboga haipendi, pale chini ya ukuta wa chapeli ambapo jua linafika asubuhi tu, na kuanzia saa sita kivuli kinafunika. Hapo zamani palikuwa udongo mwekundu mtupu, na kila mvua ilirusha tope juu ya ukuta mweupe, na kila mwaka tulichanga franka za chokaa. Sasa majani yanapokea ile mvua, na ukuta umebaki safi mpaka juu ya magoti. Yule baba hakuuliza juu ya chokaa, lakini sisi tunaiandika hapa.

Kuna sababu nyingine, na ndugu zetu wa sekisioni ya Kemia-Biolojia wanaijua. Mwalimu akitaka kuonyesha namna jani linavyojitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua, anahitaji jani ambalo si la kijani pote. Anakuja kwetu, anachuma jani la koleusi lililokaa katika jua tangu asubuhi. Analichemsha kwanza ndani ya maji, na pale pale maji yanageuka mekundu kama chai ya hibiskusi, maana rangi nyekundu ya koleusi inayeyuka ndani ya maji. Halafu jani linawekwa ndani ya alkoli, na ile alkoli inapata moto kwa kusimamishwa ndani ya maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe (anayesahau hili ataunguza nyusi zake). Alkoli inatoa kijani, jani linabaki jeupe kama karatasi. Ndipo anadondosha iyode. Pale palipokuwa na kijani panakuwa buluu nyeusi: kuna wanga. Pale palipokuwa peupe ao manjano ya kufifia panabaki rangi ya iyode tu: hakuna kitu.

Lakini kilichotushangaza siku ile ni sehemu nyekundu. Wengi wetu tuliandika katika daftari, kabla ya kuona, kwamba nyekundu haitakuwa na wanga kwa kuwa si ya kijani. Ikawa nyeusi sawa nyingine. Mwalimu akaeleza kwamba kijani kilikuwamo wakati wote, nyekundu ilikifunika tu. Kumbe ile roza ya katikati ndiyo inadanganya: rangi ikitoka, chini yake hakuna kijani, na iyode haipati kitu. Ndiyo sababu pia koleusi yenye roza na nyeupe nyingi inakua polepole na kuungua upesi kwa jua, maana sehemu ndogo ya jani inafanya kazi na sehemu kubwa inakula tu. (Kuna mabweni ya namna hiyo, lakini hatutaji.)

Koleusi si mtoto wa Afrika. Kwao ni Asia ya kusini-mashariki, kule Indonesia na visiwa vya jirani mpaka kaskazini ya Australia. Lakini ndugu zake wako hapa kwetu. Shika shina lake kwa vidole viwili, ulizungushe: si la mviringo, lina pembe nne. Majani yake yanatoka mawili-mawili, yakiangaliana, na yale mawili ya juu yanakata njia ya yale ya chini kama msalaba. Sasa nenda nyuma ya jiko ushike lumba-lumba ile Mama mpishi anatia ndani ya chai ya mwenye mafua. Utakuta pembe zile zile nne, majani yale yale mawili-mawili. Ni jamaa moja, pamoja na mente. Carl Linnaeus mwenyewe, mwaka 1763, aliiandika koleusi hii chini ya jina la Ocimum, yaani aliiona ni lumba-lumba tu. Baadaye wakaitoa pale. Jina Coleus lilikuwa limetolewa mwaka 1790 kwa neno la Kigiriki la ala ya kisu, kwa sababu ndani ya ua vile vijiti vya kiume vimeshikamana chini na kufunika kile cha kike kama ala. Watu wakaipenda kwa jina la Coleus blumei. Mwaka 1975 ikahamishwa kwenda Solenostemon, wengine wakaiweka katika Plectranthus, na mwaka 2019 wataalamu wakairudisha kwa Coleus. Inafanana na mwanafunzi ambaye wamemuhamisha sekisioni mara ine na mwisho amerudi kwenye benchi yake ya zamani. Ndani ya vitabu vyetu vya zamani utakuta lolote kati ya majina hayo. Ni mmea ule ule.

Na sisi wa Katanga tuna jamaa mwingine wa ukoo huo ambaye wageni wanatoka mbali kumtafuta. Ni ule mmea mdogo wa maua ya buluu unaoitwa ua la shaba, Haumaniastrum katangense kwa jina la wataalamu. Unaota pale ambapo udongo una shaba nyingi, mahali ambapo mimea mingine inakufa ao inakataa. Umesaidia hata wale wanaotafuta mahali ambapo babu zetu waliyeyusha shaba: jiko lenyewe limekwisha kuzikwa, lakini shaba iliyobaki ndani ya udongo inaliitisha ua. Lina pembe nne kwenye shina, sawa koleusi. Mmoja anavumilia udongo wenye sumu na hakuna anayemmwangia maji. Mwingine, wa mbele ya chapeli, anakufa kwa usiku mmoja wa baridi. Hatusemi nani bora.

Tuje sasa kwa namna ya kuipanda, kwa maana wengi wameomba.

Usitafute mbegu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, tena mtoto wa mbegu hafanani na mama yake. Utapanda za divai, utapata za kijani chafu. Koleusi inapandwa kwa kukata. Chagua tawi ambalo halina ua, ukate urefu wa kidole cha kati ao zaidi kidogo, chini tu ya pale majani mawili yanapotoka. Toa majani ya chini, acha mane ya juu. Tia ndani ya chupa ya maji, majani yasiguse maji, uweke mahali pa mwangaza lakini pasipo na jua kali. Badilisha maji yakianza kunuka. Wiki moja ao mbili, utaona nyuzi nyeupe. Usingoje ziwe ndefu kama ndevu. Zikifika urefu wa ukucha ao mbili, panda. Ukipenda, unaweza kuchomeka moja kwa moja ndani ya udongo wenye majimaji, na wakati wa mvua inashika bila taabu.

Udongo uwe unaopitisha maji. Udongo wetu mwekundu peke yake unashikana kama tofali, kwa hiyo tunachanganya na mchanga na majani yaliyooza chini ya mwembe. Mavi ya kuku yaliyokauka, kidogo tu. Mwenye kutia mengi atapata majani makubwa ya kijani na rangi itakimbia. Maji: tia kidole ndani ya udongo, ukikuta pamekauka, mwanga. Ikilegea mchana na kuinama, usilie, inaomba maji tu, na kwa saa moja itasimama tena. Lakini ile inayoinama na huku udongo umelowa, mizizi imeoza, na hapo kata ncha haraka uanze upya ndani ya chupa, maana shina halitapona.

Jua: hapa ndipo watu wanabishana. Katika giza koleusi inarefuka, inakonda, na rangi inakuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Katika jua la saa saba inaungua pembeni. Za rangi nzito zinavumilia jua zaidi. Za manjano na nyeupe zifichwe. Adui wake wakubwa ni wadudu weupe kama pamba wanaojificha pale jani linaposhikana na shina (tunawapangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni), konokono wakati wa mvua, na mbuzi wa jirani wakati wote.

Kisha kuna kazi ambayo tunaipenda na ambayo wengi hawaielewi: kukata ncha. Mmea ukifika majozi matatu ao mane ya majani, unafinya ncha ya juu kwa kucha. Pale ulipokata zitatoka ncha mbili. Ukifinya hizo mbili, utapata ine. Hivyo unapata kichaka, si fimbo. Na ua likianza kuchungulia, unalifinya pia, kwa kuwa mmea ukikwisha kutoa maua na mbegu unaona kazi yake imekwisha, majani yanakuwa madogo na shina linakuwa mti. Wadogo wa kalasi ya saba walipotuona tunakata maua walituona wakatili. Tuliwaambia wafinye vichaka vitatu na kuacha viwili, wakaangalie wenyewe baada ya mwezi. Siku hizi wanafinya hata visivyohitaji.

Kazi hii ya vidole ndiyo inatufanya tuseme neno juu ya adhabu. Katika masomo mengi, pamoja na haya yetu, ilikuwa desturi kwamba mwenye kuchelewa, mwenye kuongea ndani ya chapeli, mwenye kukosa kravati, wote wanapelekwa bustanini. Sisi makapita tuliomba kwa Direkta wa nidhamu jambo hili libadilike, naye alikubali kwa trimestri moja kwanza. Mtu mwenye hasira hafinyi ncha, anang’oa. Na mtoto ambaye amejua bustani kama mahali pa adhabu hataweka hata ua moja nyumbani kwake atakapokuwa baba. Wenye adhabu wapewe kupekupe na majani ya uwanja wa mpira. Huko hasira yao ina faida, na majani yale yanarudi hata ukiyachukia. Vitanda vya koleusi viligawanywa kwa kalasi, kila kalasi na kitanda chake, na wanaofanya kazi pale ni wale waliotoa jina lao kwa hiari. Walikuwa wachache mwanzoni, watano tu kwa kitanda cha kwanza, na wawili kati yao, tunadhani, walikuja kwa sababu ya wasichana wa kitanda cha jirani. Haidhuru, walikuja.

Lakini jambo kubwa la koleusi hapa kwetu si kupanda. Ni kuivusha.

Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200 juu ya bahari. Mvua inaacha mwezi wa ine, inarudi kushika vizuri mwezi wa kumi na moja. Katikati kuna ukavu, na ndani ya ukavu kuna baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ambapo usiku unaweza kushuka chini ya digri 10. Koleusi ni mtu wa mahali pa joto. Ikipata usiku wa namna ile mara mbili, tatu, majani yanaanza kuanguka, na shina linakuwa jeusi. Na ni wakati ule ule masomo yanafungwa! Mwezi wa saba na wa nane hapa hakuna mtu isipokuwa Baba sentineli, ambaye ana nyumba nzima ya kulinda na hatuwezi kumtwisha vitanda vitano. Kwa hiyo kila mwaka koleusi ya mbele ya chapeli inakufa. Tunasema wazi ili kalasi zinazobaki zisije zikashangaa: itakufa mwaka huu pia. Ile mnayoona sasa si ile ya mwaka jana. Ni vipande vyake.

Mwaka jana, mwisho wa mwezi wa tano, tulikata vipande 36 tukavipanda ndani ya makopo, na kila kopo likaenda nyumbani kwa mwanafunzi mmoja: Katuba, Ruashi, Kampemba, popote wanapokaa. Maagizo yalikuwa machache: ndani ya nyumba usiku, dirishani mchana, maji kidogo, finya ua. Masomo yalipofunguliwa mwezi wa tisa makopo yakaanza kurudi. Ishirini yalirudi yakiwa hai. Tisa yalirudi matupu, na wenyewe walikuwa na hadithi nyingi: kuku, mdogo wa miaka miwili, mjomba aliyezimia sigara mle. Sita hatukuyaona tena.

La ishirini na moja lilirudi mwisho wa mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha. Alilileta kijana wa kalasi ya nane, na hakuingia. Alisimama nje ya lango, kwa sababu alijua sisi tunasimama ndani ya lango na liste ya wale ambao franka zao za masomo hazijalipwa, na jina lake lilikuwa juu ya ile liste tangu wiki ya kwanza. Akapitisha kopo kati ya vyuma vya lango. Akasema: “Yaya, kopo yenu njo hii. Miye nilikuwa namwanga maji asubuhi, mama mangaribi.” Tukapokea. Akauliza kama za wengine zilipona. Tukamwambia ishirini. Akasema ni vizuri, akaenda.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limetobolewa chini kwa msumari, matundu matano yamepangwa sawasawa. Na ile koleusi ilikuwa bora kupita zote, kichaka cha matawi manane, nyekundu ya divai, hakuna jani moja lenye tundu. Sisi tulikuwa tumempa kijiti cha majani mane. Miezi mitano alikuwa anafinya. Tulikata kwake vipande kumi na vine siku ile ile, na vilipokua tukakata tena. Nyekundu karibu zote za kitanda cha kwanza, zile zinazofuata ngazi za chapeli, zimetoka ndani ya kopo lile.

Ndipo likaja wazo la kuuza. Vipande vinapata mizizi kwa wiki mbili, chupa za plastiki zilizokatwa tunaziokota bure, na watu wenye kutoka ibada siku ya Mungu wanapenda kurudi nyumbani na kitu mkononi. Tuliuza siku tatu za Mungu, mwezi wa pili. Franka ziliwekwa kwa mwenye kasa, ndani ya bahasha yenye jina la yule kijana. Hazitoshi mwaka; zinatosha trimestri moja na kitu kidogo juu yake. Tulipomtafuta, mama yake alisema amekwenda Likasi kwa mjomba wake, anasaidia kazi ya duka, na atarudi likizo kubwa ikifika, labda.

Sasa kuna maneno katika komite. Wengine wanasema feza zitumike kwa mtoto mwingine aliye hapa na shida iyo hiyo, kwa maana wako wengi na feza inakaa bure. Neno hilo lina nguvu, na aliyelisema si mtu mwenye roho mbaya. Wengine wanasema inunuliwe bomba la kumwangia. Hilo sisi tunalikataa kabisa, tungebeba bidoni mpaka mtihani wa dola. Kwa neno la kwanza, sisi wafinalisti tumetoa mawazo yetu mbele ya Bwana Prefe: waliotoa franka siku zile tatu waliambiwa ni kwa ajili ya nani, kwa hiyo bahasha ingoje mpaka masomo yafunguliwe mwezi wa tisa. Akirudi, ni yake. Asiporudi, komite itakayokuwapo itaamua, na sisi hatutakuwapo. Bwana Prefe hajajibu. Alisema ataliombea, na tunaamini, lakini tumeandika hapa ili neno lisipotee wakati sisi tumekwisha kwenda.

Kwa mwaka huu tunataka kuvusha vipande 60. Wa kalasi za chini watachukua kimoja-kimoja. Wale ambao nyumba yao ina dirisha la mashariki wajitaje kwanza. Wafinalisti hatutachukua, kwa kuwa hakuna anayejua mwezi wa tisa atakuwa wapi, isipokuwa wawili wenye wadogo wanaobaki hapa. Za manjano zimebaki mimea mitatu tu, ndizo dhaifu, kwa hiyo tunaomba zipewe wale ambao makopo yao yalirudi hai mwaka jana. Na mwenye kuona katika kitanda chake tawi moja limegeuza rangi peke yake, tofauti na mama yake, asilikate na kutupa akidhani ni ugonjwa. Hiyo inatokea kwa koleusi. Alikate, alitie ndani ya chupa yake peke yake, aandike kitanda na tarehe, maana tawi lile linaweza kuwa mbegu mpya ambayo hakuna mtu mwingine ndani ya mji anayo.

Makopo yaletwe kwa kapita wa kalasi kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Ya maziwa na ya tomate ni mazuri, yatobolewe chini, matundu matano. Yale yaliyokuwa na rangi ya kupaka nyumba ao mafuta ya motokaa hatupokei, hata yakiwa yameoshwa.